Filta ya tangi la samaki: namna ya kuichagua na kuitunza ukiwa Dodoma

Mtu akinunua tangi la samaki hapa Dodoma, pesa nyingi huishia kwenye kioo, taa na samaki wenyewe. Filta huja mwisho, na mara nyingi ni ile aliyotajiwa dukani kwamba inafanya kazi zote. Wiki ya pili maji yanapauka, samaki wanapanda juu kuhema. Wiki ya tatu tangi limebaki na konokono. Samaki wale hawakufa kwa bahati mbaya. Wengi wao waliuawa na sumu waliyoitoa wenyewe, ndani ya tangi ambalo halikuwa na kitu cha kuimaliza.

Mwongozo huu ni wa anayeanza na tangi la sebuleni la kati ya lita 40 na 200, anayetumia maji ya bomba au ya kisima, na ambaye umeme wake hukatika. Maelekezo mengi ya ufugaji huu yameandikwa kwa watu wenye maji laini (yenye madini machache), umeme wa uhakika na duka la vifaa jirani. Sisi tuna maji ya chumvi, tuna vumbi la Agosti hadi Oktoba, na vipuri vingi tunavifuata Kariakoo. Filta inayosifiwa kwingine inaweza kabisa isikufae wewe wa Nkuhungu au Ilazo.

Elewa kwanza filta inafanya nini

Filta ina kazi tatu: kunasa uchafu unaoonekana, kuwapa bakteria mahali pa kuishi, na kuchezesha maji ili hewa iingie. Ya kwanza ndiyo inayomfurahisha mwenye nyumba. Ya pili ndiyo inayowaweka samaki hai.

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua na kinyesi. Chakula kilichobaki chini nacho kikioza hutoa amonia hiyo hiyo. Amonia ni sumu hata ikiwa kidogo sana. Lipo kundi la bakteria linaloibadilisha kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu kwa sababu huzuia damu ya samaki kubeba oksijeni. Kundi la pili huichukua nitriti na kuifanya nitrati, ambayo samaki wengi huivumilia mpaka utakapobadilisha sehemu ya maji. Bakteria hawa hujishikiza kwenye sponji, mawe, changarawe na kuta za kioo. Wanaoelea kwenye maji ni wachache mno. Ndiyo maana unaweza kubadilisha robo ya maji bila kuwagusa, lakini ukiisugua sponji kwa maji ya bomba mpaka ing'ae umewaua wengi kwa mkupuo mmoja, na samaki wataanza kudhoofika siku mbili tatu baadaye wakati wewe umeshasahau kwamba ulifanya usafi.

Hatua ya 1: lijue tangi lako, yajue maji yako

Chukua futikamba. Pima urefu, upana na kimo cha maji kwa sentimita, zidisha vyote vitatu, kisha gawa kwa 1,000. Hizo ni lita. Tangi la urefu wa 60, upana wa 30, na maji yaliyofika 33 lina lita 59. Changarawe na mawe huchukua nafasi, kwa hiyo hesabu kama lita 50. Namba hii utaihitaji dukani.

Maji yanataka uangalizi zaidi. Sehemu kubwa ya maji ya jiji la Dodoma hutoka kwenye visima virefu vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora kaskazini mwa mji, na iko mitaa na nyumba zenye visima vyake. Haya ni maji ya ardhini yaliyobeba madini. Angalia ndani ya birika lako: ule ukoko mweupe unaokataa kutoka kwa sabuni ndio huo huo utakaokaa ndani ya pampu ya filta. Samaki wengine huyapenda maji ya namna hii. Gapi, moli na plati hustawi ndani yake, na hata sikilidi wa Ziwa Tanganyika wamezoea maji magumu, yaani yenye madini mengi, tangu asili yao. Kwa hiyo usihangaike kuyalainisha. Chagua samaki wanaoyapenda.

Ila lipo jambo la kuwa nalo macho. Maji magumu mara nyingi huwa na pH (kipimo cha uasidi wa maji) iliyo juu ya 7, na kadiri pH inavyopanda ndivyo amonia inavyozidi kuwa kali. Maji yakiwa na joto la nyuzi 25 na pH 7, sehemu ya amonia iliyo katika hali ya sumu haifiki asilimia 1. Kwenye joto lile lile pH ikiwa 8, inapanda hadi asilimia 5 hivi. Yaani uzembe ambao mwenzako mwenye maji laini angeuvuka salama, kwako unaweza kumaliza tangi. Hii ndiyo sababu nasisitiza filta yenye nafasi kubwa ya bakteria kuliko ile inayotajwa kutosha kwenye boksi.

Kama unaweza, tafuta vipimo vya matone vya amonia, nitriti, nitrati na pH, halafu pima maji ya chanzo kabla hujaweka samaki hata mmoja. Kisima kilicho karibu na vyoo vya shimo kinaweza kuwa na nitrati nyingi tangu mwanzo, na filta ya kawaida haiiondoi. Hapo dawa ni kutafuta chanzo kingine cha maji.

Hatua ya 2: chagua aina

Ukiniuliza uanze na ipi, nitakuambia filta ya sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa. Haina sura ya kupendeza, na muuzaji hataisifu kwa sababu ni ya bei ya chini. Lakini kwa mazingira yetu sijaona inayoishinda. Pampu inakaa nje ya tangi na kusukuma hewa kwenye mpira mwembamba. Viputo vinavyopanda ndani ya bomba la sponji huvuta maji yapite kwenye matundu yake. Ndani ya maji hakuna mota, kwa hiyo ule ukoko hauna cha kukwamisha. Umeme ukikatika, sponji inabaki wazi katikati ya maji ya tangi, na bakteria wake wanaendelea kupata hewa iliyopo. Pampu ya hewa ya kuchaji inaiendesha vilevile. Vifaranga vya gapi havinyonywi.

Kasoro zake nazo uzijue. Pampu inanguruma, na chumba cha kulala si mahali pake. Haikamati chembe ndogo sana, kwa hiyo maji hayatakuwa na ule mng'ao wa matangi ya hotelini. Na sponji inakula nafasi. Ukiamua kuichukua, nunua mbili ndogo badala ya moja kubwa, uziweke pande mbili za tangi. Utaziosha kwa zamu, na tangi halitabaki hata siku moja bila bakteria wa kutosha.

Filta ya ndani, ile ya boksi la plastiki lenye mota linalobandikwa kwenye kioo, inafaa matangi ya lita 40 hadi 100. Ina nguvu na inasafisha vizuri, ila sponji yake mara nyingi ni ndogo na mota iko ndani ya maji magumu. Ukiitumia, iongezee filta moja ya sponji pembeni.

Filta ya kuning'inia nyuma ya kioo ni rahisi kuhudumia na ina nafasi ya kuweka vitu vyako mwenyewe. Hapa kwetu ina matatizo mawili. Hewa yetu ni kavu, na miezi ya joto kama Oktoba na Novemba kimo cha maji kinashuka haraka. Kikifika chini ya mdomo wa bomba, filta inavuta hewa. La pili ni umeme. Baadhi ya modeli, umeme ukikatika, maji hushuka kwenye bomba na umeme ukirudi pampu inazunguka kavu mpaka inaungua. Chagua yenye mota iliyo chini, ndani ya maji, ambayo inajivutia maji yenyewe inapowaka.

Filta ya kopo, inayokaa kabatini chini ya tangi na kuunganishwa kwa mipira miwili, ni ya mwenye tangi la lita 150 kwenda juu. Inabeba vitu vingi vya bakteria kuliko zote. Ni kifaa kizuri sana kwa mwenye inveta. Kwa asiye na umeme wa akiba naiogopa, na sababu utaiona kwenye sehemu ya kukatika kwa umeme.

Filta ya chini ya changarawe iache. Uchafu wote unavutwa mahali usipoweza kufika bila kubomoa tangi.

Neno moja kuhusu samaki wa dhahabu: wanakula sana na kutoa uchafu mwingi kuliko umbo lao linavyoonyesha. Tangi lao lihesabie filta ya tangi kubwa mara mbili yake.

Hatua ya 3: soma boksi kabla ya kulipa

Kwenye boksi la filta yenye mota kuna namba ya lita kwa saa. Kanuni inayotumika sana ni filta ipitishe maji ya tangi zima mara 4 hadi 6 kwa saa. Tangi letu la lita 50 linahitaji lita 200 hadi 300. Namba ya kwenye boksi, hata hivyo, kwa kawaida hupimwa pampu ikiwa mpya na bila kitu ndani. Ukishaweka sponji na uchafu ukaanza kujaa, mtiririko unapungua. Chukua ya lita 300 hadi 400, iwe na kirekebishi cha kasi. Wafugaji wa samaki aina ya beta waangalie upande wa pili: samaki huyu mwenye mapezi marefu huchoka na kuugua maji yakimsukuma kutwa, na filta ya sponji yenye hewa ndogo ndiyo yake.

Soma pia sehemu ya umeme. Iandikwe volti 220 hadi 240 na 50Hz. Kifaa cha volti 110 kitaungua siku ya kwanza. Kilichoandikwa 60Hz pekee, hata volti zikilingana, pampu yake huzunguka polepole zaidi kwenye umeme wetu. Angalia plagi, nyingi zinakuja na miguu miwili myembamba na utahitaji adapta iliyokaza, kwa sababu adapta inayolegea ndiyo chanzo cha cheche.

Gharama ya umeme isikutishe. Kifaa cha wati 5 kikiwaka saa 24 kwa siku 30 kinatumia uniti 3.6 za LUKU. Kwa hiyo usiizime usiku kwa kubana matumizi. Filta inawashwa siku inapofungwa na haizimwi isipokuwa kwa usafi.

Kama unanunua Kariakoo, fungua boksi pale pale. Muuzaji atakuambia, "Kaka, hiyo ni mpya kabisa, utaifungulia nyumbani." Mwombe radhi na uifungue. Chomoa impela, kile kipande cha sumaku chenye mapanga kinachozunguka ndani ya pampu, na utazame kijiti chake. Kwenye pampu nyingi kijiti hicho ni cha kauri na huvunjika kwa kuanguka tu. Kurudi Dar kubadilisha ni nauli na siku nzima, hata kwa treni ya SGR. Ukikuta impela inauzwa peke yake kwa modeli hiyo, nunua ya akiba siku hiyo hiyo.

Hatua ya 4: vitu vya kuweka ndani

Maji yapite kwanza kwenye kitu chenye matundu makubwa, kisha madogo, kisha mahali pa bakteria. Sponji ya matundu makubwa hutangulia, pamba ya sintetiki hufuata, vipande vya kauri mwisho. Ukipindua mpangilio, pamba inaziba siku chache tu.

Vingine unaweza kuvipata bila kuagiza. Pamba ya sintetiki inayojazwa kwenye mito ni nzuri mradi haina manukato wala rangi. Ioshe kwa maji matupu. Vipande vya chungu kilichochomwa vizuri na kisichopakwa rangi vinafanya kazi ya kauri, na mawe mepesi ya volkano yenye vitundu ni mazuri zaidi. Jiwe usilolijua lidondoshee siki: likitoa povu lina chokaa, na litazidi kuyafanya maji kuwa magumu. Sponji ya godoro usiitumie. Matundu yake ni madogo mno na huziba, na baadhi yake ina kemikali za kiwandani. Sponji ya kuoshea vyombo iliyotiwa sabuni au dawa ya kuua vijidudu ni hatari moja kwa moja.

Mkaa maalumu wa filta hauhitajiki kila siku. Kazi yake ni kuondoa rangi, harufu na mabaki ya dawa, na baada ya wiki tatu au nne unakuwa umeshiba. Wakati wa kutibu samaki utoe, maana utaifyonza dawa yako yote. Na mkaa wa kupikia si mbadala wake. Una majivu na vumbi visivyotakiwa kwenye tangi.

Hatua ya 5: kuifunga

Suuza vyote kwa maji bila sabuni. Weka mdomo wa kunyonya upande mmoja wa tangi na maji yanaporudi upande mwingine, ili pasiwe na kona iliyotuama. Maji yanayorudi yavunje uso wa juu. Hapo ndipo oksijeni huingia, na maji ya moto hubeba oksijeni kidogo kuliko ya baridi.

Pampu ya hewa iweke juu ya kimo cha maji, kwenye rafu au juu ya kabati. Ikibidi kukaa chini, fungia vali ya kuzuia maji kurudi kwenye mpira. Vali hii ni kitu kidogo sana na cha bei ndogo. Bila hiyo, umeme ukikatika usiku, maji hurudi kwa mpira mpaka kwenye pampu, na kutoka hapo hadi kwenye ekstensheni sakafuni.

Waya wa kila kifaa uning'inie chini ya soketi kwanza ndipo upande kuingia ndani yake. Tone likiteremka kwenye waya litadondokea sakafuni na halitafika kwenye umeme. Na kabla ya kutia mkono kwenye maji, chomoa plagi. Fanya hivyo kila mara, na watoto uwafundishe hivyo.

Hatua ya 6: ikomaze kabla ya samaki

Filta mpya haina bakteria. Kuikomaza huchukua wiki nne hadi sita kwa kawaida, na hii ndiyo hatua wengi wanairuka kwa sababu tangi tupu linaudhi, hasa watoto wakiwa wanauliza samaki wako wapi.

Jaza maji yaliyoondolewa klorini, ile dawa ya kuua vijidudu inayotiwa kwenye maji ya bomba. Dawa ya kuondoa klorini ndiyo njia ya uhakika. Usipokuwa nayo, acha maji kwenye ndoo zilizo wazi kwa saa 24 huku ukiyapuliza kwa pampu ya hewa. Maji yaliyokaa kwenye simtanki huwa yamepungua klorini, lakini usiyaamini bila kuyaweka wazi au kuyatia dawa. Washa filta. Kila siku tia chakula kidogo cha samaki, kiasi cha kushika kwa ncha za vidole viwili, kioze na kutoa amonia. Pima kila baada ya siku mbili tatu. Utaona amonia inapanda, kisha inashuka huku nitriti ikipanda, kisha nitriti nayo inashuka na nitrati inaonekana. Amonia na nitriti zikiwa sifuri zote mbili wakati bado unatia chakula, filta imekomaa. Badilisha nusu ya maji, weka samaki wachache, subiri wiki mbili, ongeza wengine.

Ipo njia ya mkato iliyo halali. Kama una rafiki mwenye tangi lenye samaki wenye afya, mwombe kipande cha sponji yake iliyotumika, au umpe yako mpya ikae tangini kwake mwezi mzima. Ibebe kwenye mfuko wenye maji ya tangi lile lile na uifikishe bila kukauka. Ni zawadi kubwa kuliko samaki atakaokupa.

Angalia na majira. Bakteria hawa hukua vizuri kwenye nyuzi 25 hadi 30. Juni na Julai usiku wa Dodoma ni wa baridi, tangi lisilo na kipasha joto linapoa, na ukomazaji unakwenda kwa kusuasua. Ukianza Oktoba utamaliza mapema.

Hatua ya 7: kuosha

Usiioshe kwa kufuata kalenda peke yake. Tazama mtiririko: maji yanayotoka yakipungua nguvu, au viputo vya sponji vikianza kuchechemea, wakati umefika. Kwa matangi mengi ni kila wiki mbili hadi nne kwa sponji, na miezi miwili hadi mitatu kwa filta ya kopo.

Namna ya kuosha ni hii. Siku ya kubadilisha maji, vuta maji ya tangi kwa mpira mpaka yajae ndoo. Chomoa plagi. Funika sponji kwa mfuko wa plastiki ikiwa bado ndani ya maji, ili uchafu usimwagike unapoitoa. Itumbukize kwenye ndoo ile ya maji ya tangi, ikamue na kuiachia mara kadhaa. Maji yatakuwa ya kahawia, mazito, yenye harufu ya udongo baada ya mvua. Harufu hiyo ni dalili njema. Ikinuka yai bovu, ndani kuna sehemu isiyopata hewa na umechelewa kuiosha. Acha sponji ikiwa na rangi yake ya kahawia; lengo ni matundu kupitisha maji, basi. Irudishe mara moja. Maji ya ndoo mwagia mchicha au mti wa mwarobaini uani, mimea inayapenda.

Siku hiyo usioshe na changarawe, wala usibadilishe zaidi ya robo ya maji. Ukiwa na filta mbili, ya pili ingoje wiki mbili.

Filta nyingi za kuning'inia huja na kibweta cha pamba na mkaa, na maelekezo ya kukitupa kila mwezi. Ukifuata maelekezo hayo unatupa bakteria wako kila mwezi. Kata kipande cha sponji kitoshe nafasi hiyo, kiweke pamoja na kibweta kwa wiki nne au zaidi, ndipo kibweta kiondoke. Sponji yenyewe ikichakaa, badilisha nusu tu, na nusu nyingine miezi miwili baadaye. Pamba ya sintetiki ndiyo ya kutupwa bila wasiwasi.

Maji yanapopungua kwa joto, wengi wetu tunajazia tu. Kinachopaa ni maji. Chumvi inabaki, na kila dumu unaloongeza linaleta nyingine. Badilisha robo kila wiki hata kama tangi linaonekana safi. Mwenye mabati safi na pipa anaweza kukinga mvua za Desemba hadi Aprili na kujazia kwa hayo, baada ya kuacha mvua ya kwanza isafishe bati.

Pampu ya hewa nayo ina filta yake, kipande kidogo cha kitambaa kizito chini ya kitako ambacho watu hawajui kama kipo. Miezi ya upepo kinajaa vumbi jekundu, pampu inapata joto na hewa inapungua. Kitoe, kipige-pige, kioshe, kikauke kabisa, kirudishe.

Pampu ikigoma

Dada mmoja wa mtaa wa Kisasa aliniletea filta yake ya ndani akiwa ameshakata tamaa. "Kaka, hii imeungua, inanguruma tu." Pampu inayonguruma haijaungua, umeme unafika, kinachokwama ni impela. Tuliifungua. Sumaku ilikuwa imevaa ganda jeupe gumu, na kwenye kijiti palikuwa na unywele uliojizungusha pamoja na uzi wa mwani. Unywele ulitoka kwa kibanio. Impela na kifuniko tulivilaza kwenye kikombe cha siki nyeupe nusu saa, ganda likalainika likatoka kwa mswaki wa zamani, na ndani ya tundu la pampu tukapitisha pamba ya masikio. Tulisuuza kwa maji mengi, tukairudisha, ikawaka.

Fanya hivyo kila baada ya miezi miwili kabla haijagoma. Siki isifike tangini, na usiikwangue sumaku kwa kisu. Mpira wa mviringo unaoziba kifuniko cha filta ya kopo upake grisi ya silikoni. Mafuta ya mgando ya kujipaka huuvimbisha na kuuharibu.

Umeme ukikatika

Saa moja au mbili haina shida kwa tangi lisilojaa kupita kiasi. Usilishe. Zaidi ya hapo, hatari ya kwanza ni samaki kukosa hewa. Pampu ya hewa ya betri au ya kuchaji ndiyo jibu. Usipokuwa nayo, chota maji kwa jagi na kuyamimina kutoka juu kila baada ya dakika chache.

Hatari ya pili inajificha ndani ya filta iliyofungwa. Bakteria wanahitaji oksijeni. Ndani ya kopo lililozibwa oksijeni inaisha, wanaanza kufa, na maji yaliyonaswa humo yanaharibika. Umeme ukirudi baada ya saa nyingi, filta inayamwaga yote kwa samaki. Kwa hiyo ukiona umeme unachelewa, ifungue, toa sponji na kauri, uvilaze ndani ya tangi. Ukirudi nyumbani ukakuta umekatika tangu asubuhi, chomoa filta kabla umeme haujarudi, mwaga maji yake, suuza vitu vyake kwa maji ya tangi, ndipo uwashe. Pima amonia kesho yake, na lisha kidogo kwa siku tatu nne.

Umeme unaporudi mara nyingi huja na kishindo. Kile kifaa cha kulinda friji dhidi ya umeme unaopanda na kushuka kinalinda na pampu vilevile.

Ukisafiri

Usioshe filta siku moja kabla ya safari. Ioshe wiki nzima kabla, ili kama kuna tatizo lijitokeze ukiwepo. Jaza maji mpaka juu, hasa kwa filta ya kuning'inia. Anayebaki mwachie chakula kilichogawanywa kwenye vikaratasi, kikaratasi kimoja kwa siku, na makopo yafungie kabatini, kwa sababu kinachojaza amonia nyumba ikiwa na mgeni ni huruma ya kulisha mara tano. Samaki wakubwa wenye afya wanaweza kukaa siku nne bila kula. Mwonyeshe plagi ni ipi, mwonyeshe maji yanatoka wapi filta ikiwa inafanya kazi, na umwachie pampu ya hewa ikiwa imejaa chaji.